Majani ya Mtaroni

Mashimoni, Kibera
9 Mei 1994

Dada Nekoye,

Mulembe. Watoto wako wazima? Sisi tunapumua, ila mama mkwe wangu, mama yake Wakoli, aliyetutembelea kutoka Bungoma, aliugua vibaya. Alikula peke yake mboga nilizompikia mchana, halafu mdomo ukamkauka, mboni za macho zikapanuka, akaanza kufukuza mbuzi ambao hawapo. Hakumjua hata Wakoli. Sasa ametulia, lakini majirani wanasema nimemlisha dawa. Wakoli chakula changu hagusi tena. Mama mwenyewe ndiye aliyechuma zile mboga, ila akiulizwa ananyamaza. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Nasike

Kawangware
12 Mei 1994

Mdogo wangu,

Nimepata barua. Huku tuko sawa, ni matope tu sokoni. Usibishane na mtu. Kama mboga alizochuma ni managu, yaani mnavu, tunda lake ni dogo, laini, halina miba. Nenda pale alipochuma, ng'oa mmea mzima, funga na gazeti unitumie. Usionje.

Dada yako,
Nekoye

Mashimoni
16 Mei 1994

Dada,

Mulembe tena. Alichuma kwa mtaro wa maji uliochimbwa hapa nyuma. Nimekutumia mmoja uliokomaa. Ua ni jeupe, refu kama tarumbeta. Tunda lina miba. Unanuka. Wakoli ameniambia mwezi ukiisha nirudi kwetu.

Mdogo wako

Kawangware
20 Mei 1994

Nasike,

Pole. Hii si mboga. Nilimwonyesha mzee Kitheka, analima kando ya mto hapa. Alifikicha jani akanusa. "Hii ni sumu," akasema. "Ikiwa changa, kabla ya maua, hata mimi ingenidanganya." Anasema si mmea wa kwetu, uliletwa kutoka mbali zamani. Humea palipochimbwa, huzaa na kukauka mwaka huohuo. Anayeula huona vitu visivyokuwepo.

Wapeleke mtaroni wote wawili, Wakoli na mama yake.

Dada yako

Mashimoni
4 Juni 1994

Dada,

Natumaini mko salama. Nimechelewa kuandika.

Tulienda. Wakoli akamuuliza mama yake kama majani aliyochuma ndiyo haya. Mama aliyatazama sana.

"Ndiyo," akamwambia mwanawe. "Mboga nilikufundisha mimi. Ningekuambiaje nimeshindwa kuzijua?"

Wakoli hakuniomba msamaha. Alirudi na jembe, akang'oa yote.

Jana mama aliniomba nimpikie. Akatoa kiti nje, majirani wanapopita, akala mpaka sahani ikaisha. Kisha akaniita kwa sauti, akataka nimwongezee.

Mdogo wako,
Nasike