Sauti Niliyoiunga

Gasenyi, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Kwako Yaya Espérance, dada yangu mkubwa,

Amani iwe nawe na wote wanaolala chini ya bati letu. Goti la Mama linaendeleaje? Na presha, imeshuka kweli, au bado anaficha vidonge chini ya mto na kusema amekwisha meza? Nawasalimu mabinti zako wawili, na shemeji pia. Mimi mwili ni mzima. Mengine yote si mazima, na ndiyo maana umepata karatasi badala ya simu. Simu yako ni ya nyumba nzima, na Mama huishika kuliko wewe mwenyewe. Nimemwomba Mama Riziki, yule muuza vitenge, akupe barua hii mkononi, wewe peke yako. Isome ukiwa umekaa.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Unajua siku sita natengeneza simu za watu dukani, mtaa wa Quartier Asiatique. Siku ya saba ni yangu. Tukitoka kanisani tunakusanyika chumbani kwangu watu wanne, na mkubwa wa mabishano ni rafiki yangu Egide, Mrundi, karani wa serikali, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Tunatazama zile filamu za watu wanaoruka angani na kuzuia treni kwa mkono mmoja. Tunazipenda sana, ndiyo maana tunazitukana. Egide ana daftari zima la makosa yao. Mji mzima unabomoka na hakuna hata mama mmoja anayemtafuta mtoto wake kwenye mawe! Shujaa anakufa, sisi tunalia, halafu filamu inayofuata huyo karudi, meno meupe.

"Wanatucheka," Egide husema. "Mi nimelia machozi ya kweli, yeye anarudi kama mutu alienda tu kununua sukari!"

Basi nikaanza kuzirekebisha. Nilinunua kompyuta iliyokwisha tumika, na umeme ukikubali, nakata. Nilikata utani wanaofanya juu ya maiti. Nilikata shujaa kurudi. Nikawapa wote Kiswahili cha hapa kwetu. Mara moja tuliona shujaa wetu hana maziko, tukapiga picha za kilio uani, shangazi zake Egide wakiwa waombolezaji. Walilia vizuri mno. Majirani wakaja na viti, na mmoja na sufuria ya maharagwe, wakiuliza marehemu ni nani. Tulieleza kwa aibu, wakatusema sana, kisha maharagwe yakaliwa.

Kazi zangu nilikuwa namtumia mdogo wetu Pascal kule machimboni, naye hakunionea huruma. Alinijibu kwa sauti: "Yaya Gentil, hapa umekata mubaya, nimeona mukono wa mutu unaruka." Na sikio langu ndilo lililosifiwa kuliko yote, maana naweza kutoa neno huku nikalibandika kule, usijue. Egide alisema, "We unaweza kusemesha mutu kitu hajasema hata siku moja." Nilijisikia sana, Yaya. Sifa ile ndiyo iliyoniponza.

Sasa kaa vizuri. Pascal amekufa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Mtu aliingia dukani na simu yenye kioo kilichopasuka, akitaka niifungue. Nyuma kulikuwa na ile picha ya jogoo aliyoibandika Pascal mwenyewe. Nilimshika yule mtu shati, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Hakunisukuma. Aliniuliza tu, "We ni Gentil, mwenye filme?" Kisha akasema, "Tulikuwa naye kazi moja. Shimo ilianguka. Ndani walikuwa watu tano, Pascal naye. Tulichimba siku mbili, udongo ikaendelea kushuka, wakubwa wakasema tuache. Simu aliiacha inje, inachaji." Alikuwa ameibeba njia yote hiyo ili aifungue, atafute namba ya nyumbani kwetu.

Wiki ileile Mama alikuwa ametoka hospitalini. Ulinipigia wewe mwenyewe, ukaniambia daktari amesema asipewe habari ya kumshtua. Nikajiambia, nitangoja apate nguvu. Lakini alikuwa akiuliza kila siku mbona Pascal kimya. Na mimi nilikuwa na simu yake mkononi, imepona, na ndani yake sauti zake zote.

Yaya, zile sauti tatu mlizopokea tangu mvua zianze nilizitengeneza mimi. Namba ni yake, sauti ni yake, maneno ni yake, lakini hakuyasema vile. "Mama, mi niko muzima" niliitoa kwenye salamu za Pasaka. "Kazi ni nyingi" ilikuwa ya mwaka uliopita. Ulipoandika kwamba Mama ameisikiliza mara kumi na amekula ugali wote, nililia kwa furaha kama mjinga. Kwa hiyo nikafanya ya pili. Ya tatu ndiyo ile ya "munisubiri". Unajua niliipata wapi? Pascal alikuwa na wenzake, sufuria ya maharagwe imeiva, naye anawapigia kelele, "Munisubiri, nanawa mikono!" Nikakata mikono, nikabakiza kusubiri.

Halafu ukaniletea habari ya Sifa, mchumba wa Pascal. Kwamba watu wa mwalimu mmoja anayetaka kumwoa walikuja kujitambulisha kwao, watu wa heshima, na Sifa akawarudisha mlangoni kwa sababu Pascal amesema wamsubiri. Ulicheka ukisema huyo ndiye mke. Nilimfunga msichana wa watu kwa neno lililosemwa juu ya maharagwe.

Na unajua nilifanya nini? Badala ya kusema kweli, nilikaa kutengeneza ya nne, Pascal amwambie Sifa aolewe tu. Nilipekua sauti zake zote. Hakuna mahali alipomtaja Sifa kwa ubaya au kwa kumchoka. Nikaunga kwa nguvu, silabi kwa silabi. Egide akanikuta, akasimama nyuma yangu akisikiliza, akadhani ni kazi ya Jumapili. Alishatoa kalamu.

"Hii ni ya nani? Mubaya sana," akasema. "Anavuta pumzi mara mbili, hatoe. Hapa mvua inanyesha, hapa apana, hapa tena mvua. Na huyu mutu anaachana na bibi yake kwa sauti ya kicheko. Ni nani?"

Nikamwambia ni nani. Egide alikaa kitandani pangu, akafunga daftari.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Gentil, wale watu wa filme tunawatukana kila juma. Lakini wao tunajua ni muchezo, tunaingia kwa mapenzi yetu. We umemuibia mama yako kilio."

Nilimjibu vibaya, nikamwambia hana mama mgonjwa. Akaondoka bila kuaga. Jioni alirudi na mkate, akanambia ameomba ruhusa kazini na kwamba siwezi kusafiri peke yangu na mzigo huu. Nimeona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Basi tunakuja, boti ya wiki ijayo. Nakuomba uniandalie njia kama desturi inavyotaka. Usimwambie Mama peke yako, wala usimwambie kwa ghafla. Mwite mjomba kwanza, mweleze yote, na ubaya wangu usiufiche. Yeye anajua mambo ya kuzika mgomba mahali pa mwili usiopatikana. Waite wamama wa kwaya, waje siku ya sisi kufika kama wanaokuja kumwona mgonjwa, na yule nesi wa mtaani awe karibu. Sauti za uongo usizifute. Nitazifuta mimi mbele ya Mama, nikisema kwa kinywa changu mwenyewe nilichofanya. Akinifukuza, nitalala kwa mjomba. Akinipiga, usimshike.

Kwa Sifa nenda leo, Yaya, hata kabla ya mjomba. Huyo asingoje hata siku moja zaidi kwa ajili yangu.

Nisalimie shemeji yangu mume wako, mjomba wetu mkubwa, na shangazi yule aliyemfundisha Pascal kuogelea. Mama usimpe salamu zangu bado. Sijui kama atazitaka.

Nimebakiza kitu kimoja. Kwenye simu kuna sauti aliyojirekodia Pascal siku moja kabla ya shimo kuanguka, hakuwahi kuituma. Alitaka kumuuliza Mama namna ya kupika majani ya muhogo ili sombe isiwe chungu, akakatizwa, akasahau kuzima. Inasikika mvua, anatafuna kitu, anacheka na mtu, kisha anaimba kidogo, vibaya kama kawaida yake. Sehemu kubwa ni kimya. Mama akishalia na kumaliza kulia, kama atataka, nitampa aisikilize. Iko nzima, Yaya. Sijakata kitu.

Mdogo wako,
Gentil