Bomba la Gongo na Dawa ya Mzee Marselino

Jumanne, 9 Aprili

Evod, acha kuchora. Siku ya tatu unachora mabomba na dawa ya baba mkwe wako inaharibika. Nimemwambia hivyo mbele ya mkewe, Dativa wangu. Dativa kanuna. Anune.

Umeme hakuna tangu nguzo zilale majini. Barabara ya Ifakara imefunikwa, mtumbwi haupiti kwa mkondo. Friji sasa ni kabati tu. Insulini ya mzee chupa tatu nimezitia kwenye mtungi wa mchanga mbichi, kama nesi alivyonionyesha. Lakini masika hii hewa yenyewe imelowa, mtungi haupoi. Ukiushika ni kama kumshika mwenye homa.

Evod ni fundi friji. Anasema atatengeneza boksi la kupoa bila umeme. Bomba la shaba limezibwa kote, ndani lina kitu kidogo cha majimaji. Mguu wake kwenye boksi, kichwa nje juu. Usiku joto la boksi linakichemsha, mvuke unapanda, unapoa juu, unarudi chini. Mchana nje kukiwa moto, joto haliteremki.

Nilimsikiliza. Kitu hicho nilikijua kabla hajazaliwa.

Jumatano, 10 Aprili

Ugomvi — atie nini ndani. Gesi ya friji imemwishia. Akataka gesi ya kupikia, jikoni kwangu, kuni zinawaka. Nikamwambia utatuua kabla ya sukari. Maji, anasema, ni mavivu kuchemka mpaka hewa yote itolewe, na pampu yake iko Ifakara. Na bomba lenyewe hana. Fundi huyo.

Mzee kachomwa sindano asubuhi, lakini kaenda haja ndogo mara nane. Anaomba maji tu. Dawa imeanza kuchoka. Mimi namwangalia, basi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepanda darini, nimelishusha bomba langu la kupikia gongo. Limekaa kwenye khanga kuukuu miaka kumi na moja. Mzee alipokutwa na sukari aliacha gongo, nami nikaacha kuipika. Nilimwambia bomba nimewauzia watu wa chuma chakavu. Mbele ya padri nilisema hivyo. Gongo hiyo ndiyo iliyojenga nyumba hii, na ndiyo aliyokuwa akiinywa.

Evod kalipindua pindua. "Mama, hili umelitoa wapi?"

"Unataka bomba au historia yake?"

Nikamwambia atie gongo ile ya kwanza kutoka, kali. Inachemka maji bado yamelala. Nimeiona kwa macho yangu maisha yote.

"Mama, hiyo si ndiyo spiriti!"

Ndiyo. Mimi darasa la tatu, yeye chuo cha ufundi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda mwenyewe kwa Konsolata, bado anapika. Kaniangalia kuanzia miguuni. "Mama Dativa, umerudi kundini?"

"Ni ya dawa."

"Wote husema ya dawa."

Wanawake wawili wa jumuiya yetu wamenikuta njiani na chupa. Shikamoo zao zilikuwa ndefu. Waende wakaseme.

Mzee hajala. Ulimi mkavu kama gome.

Jumamosi, 13 Aprili

Evod na Dativa wako nyuma ya nyumba. Bomba limesimama kwenye sufuria ya maji moto, gongo imo ndani. Mvuke unatoka mdomoni, unasukuma hewa. Evod ana koleo mkononi, anasema hewa ikiisha ndipo abane. Akiwahi, bomba limekufa. Akichelewa, gongo imekwisha; chupani imebaki kidogo isiyotosha, na kwa Konsolata sirudi.

Mimi nimekaa mlangoni kwa mzee naandika, nisije nikalia. Chupa mbili sizitumainii tena. Iliyobaki moja ndiyo boksi liiokoe, kama litapoa. Sijui. Evod naye hajui.

Harufu imejaa nyumba nzima.

Kitanda kimelia. Siku mbili hajainuka, sasa ameketi. Anaita, na sauti si ya mgonjwa, ni ile ya siku za gongo: "Tekla. Nani anapika?"

Nimepiga kelele dirishani: Evod, bana sasa hivi, na iliyobaki kwenye chupa imwage kwenye mafuriko, mbele ya macho ya Dativa.