Kijembe Ulichoniachia

Shemboza,

Shikamoo sikupi. Nilikuzidi mwaka ulipokuwa hai, na kufa hakujakufanya mkubwa wangu.

Kaburi lako tunalipalilia. Kigoda chako cha kahawa kakikalia mtu mwenye mdomo kuliko wewe. Lakini kilichonishikisha kalamu ni mjukuu wangu Rehema, mtoto wa Zaina. Ana mwaka na nusu, mwepesi kama tenga tupu. Akinywa uji anapaliwa mpaka macho yanamtoka. Majirani wakanijia: "Mzee, kile kijembe cha marehemu si unacho? Mkate huyo kimeo." Wanajua uliniachia, na kwamba nilikuapia kitandani pako kazi ya kukata vimeo haitakufa.

Zaina akakataa. Akambeba mwanawe mpaka Lushoto mjini, kwa binti anayefundisha watoto kula na kuongea. Ndiyo, siku hizi kuna kazi hiyo. Nikawafuata ili nicheke. Ukutani vyeti vitatu vya mihuri. "Shikamoo babu," akasema, akanieleza kisomo chake: miaka minne chuoni, kisha miaka mingine kwenye wodi za watoto, kazi yake koo na ulimi tu. Nikamwambia kuku wangu wanameza na ubao hawajauona. Hakukasirika. Akaniuliza, "Na wewe babu, mambo ya koo umesomea wapi?"

Kisomo changu, Shemboza, ni kushika vichwa vya watoto, wewe ukikata kile kinyama cha kooni. Na chako je? Ulimwona baba yako akikata mara mbili, ukajipa ufundi. Hata uzi kwenye sindano ulikuwa unatungiwa.

Binti akamulika mdomo wa Rehema. Kimeo hakina kosa, akasema. Taabu ni tunavyomlisha. Si unajua tunavyowalisha huku: mtoto chali mapajani, kiganja kidevuni, uji unamiminwa. Yeye akamketisha wima, uji mzito, kijiko kidogo, akangoja. Akangoja tena. Nikasema kwa mwendo huu mtoto atashiba siku ya harusi yake. Rehema akafunga mdomo, akameza. Hakukohoa.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye ukungu. Nilikuwa namwona yule mtoto wa Malindi, hii yetu ya huku milimani. Nilimshika mimi. Ulisema, "Damu kidogo hiyo, itakata yenyewe." Haikukata. Tukala wali wa matanga yake, tukaambizana siku yake ilifika. Ilifika wapi? Tulimletea sisi, wajinga wawili, mmoja na chuma, mwingine na mikono. Wewe ukazikwa kwa heshima, ukaniachia kuyakumbuka peke yangu. Mjanja sana.

Kijembe chako nimekichemsha. Kwa kuwa kimepinda, kinakomba mti vizuri. Vijiko vya dukani ni vikubwa kwa mdomo wa Rehema, basi nikamchongea cha mpeasi. Cha kwanza kilikuwa jembe, binti akanicheka mbele ya Zaina. Cha nne akakipokea, akaomba vingine kwa watoto wake wengine. Ndiyo mara ya kwanza chuma hicho kumfaa mtoto.

Kiapo chako nakurudishia. Nakula kingine: kila atakayeulizia kijembe ataondoka na kijiko, na nitamsimulia habari ya Malindi, nikilitaja jina lako na langu.

Lala, rafiki yangu mpumbavu. Nikija huko usikimbilie kunipokea, shikamoo bado sikupi. Nitampa yule mtoto.