Kidude Chenu Nimekifunika kwa Kinu

Rutamba,
Lindi.
18 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Imani,

Assalaam aleikum. Shikamoo uliyonitumia kwenye simu ya baba yako imenifikia, na marahaba naitoa kwa moyo, maana hasira haizuii salamu. Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimepoa? Unapata ugali, au bado wanakulisha mikate asubuhi na jioni? Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua, lakini mikorosho anaipalilia mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeona amekufa. Mvua zimetutosha, mbaazi zimekubali.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa tuseme.

Ukishangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo, ni kwa sababu sitaki sauti yangu ipite tena kwenye mashine ya mtu. Ilivyopita inatosha.

Wiki mbili zilizopita ulimwandikia baba yako ujumbe, naye akanisomea huku anacheka kwa furaha. Ulisema mlikuwa maabara, watu kumi na mmoja mezani, mnasikiliza yaliyonaswa na kile kidude mlichokiweka huku kwetu, na ghafla ukamsikia shangazi yako anaimba. Ukasema ulinitambua kwa kikohozi, ukalia kwa kutukumbuka. Baba yako ni mwanamume, hakujua anachokisoma. Mimi nikamwambia arudie kusoma. Nyimbo zile naziimba mahali pamoja tu, Imani, na wewe unapajua.

Nianze na kosa langu, usije ukasema shangazi analiruka lake. Damiani, yule kijana wa chuo chenu, alipokuja mwezi wa Novemba alizungumza vizuri mkutanoni. Alisema vyuo vinne vya nchi za ukanda wetu vimeungana, chuo chenu kikiwa mbele, vitengeneze chipu na vifaa vidogo vya elektroniki vya kulindia mipaka, majeshi yetu yaache kununua kila kitu kwa wageni. Hilo sikulipinga, na leo silipingi. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa maana ya mpaka. Akasema kidude kinapima mtikisiko wa ardhi, kijifunze kutenganisha mguu wa mtu na mguu wa nguruwe. Kisha akasema chipu iliyomo ndani, ndogo kuliko punje ya mtama, imebuniwa na Imani binti Bashiru wa hapa hapa Rutamba.

Mkutano mzima uligeuka kunitazama. Kichwa kikanivimba.

Akawa anatafuta mahali pasipopita watu, ambapo paneli ya sola haitaibiwa. Mwenyekiti wetu Haruna akapendekeza shuleni, lakini kule watoto hawaachi kitu. Nikasema njoo mwanangu, nikuonyeshe. Nikampeleka hadi ukingoni mwa kichaka chetu, nyuma ya mikorosho ya babu yako.

"Mama, hapa kweli hapapiti mtu?" akaniuliza.

"Hapa baba, hata kuni haziibiwi," nikamjibu.

Sikumwambia kwa nini, maana mwanamume haambiwi. Naye hakuniambia kwamba kidude kina masikio, sijui nani alimkataza. Kwa hiyo mimi, kungwi wa kijiji, kwa mdomo wangu mwenyewe nilikikaribisha kwenye kichaka cha unyago. Kila Ijumaa nilikifuta vumbi kwa ncha ya kanga, nikijisemea hii ni kazi ya mikono ya mwanangu. Mwezi wa Desemba shule zilipofungwa, tukawacheza unyago wali sita, mabinti wa hapa kijijini, hatua ishirini tu kutoka kilipokuwa.

Hayo ni yangu. Sasa yako.

Wewe ulijua kina masikio, kwa sababu masikio hayo ndiyo kazi yako. Ulijua kimewekwa wapi, kwa sababu ramani mnayo. Damiani alimwachia Haruna nakala ya karatasi zenu, nikaiomba nikaisoma. Mahali petu pameandikwa "eneo lisilotumika." Lisilotumika! Wewe ulichezwa pale ukiwa na miaka kumi na miwili, na kichwa chako ulikilaza kwenye mapaja haya ulipokuwa unalia. Bibi yako alichezwa pale, na mama yake kabla yake. Profesa wenu hakujua, namsamehe. Lakini chini ya karatasi ile jina lako ni la tatu, nimeliona kwa macho yangu.

Na uliposikia, ulifanya nini? Ulilia. Machozi yako nayapokea, lakini hayakuziba masikio ya wale wanaume mliokaa nao. Mdomo ulikuwa nao. Ungesema zimeni, hii si ya jeshi wala si ya chuo. Badala yake ukaenda kumsimulia baba yako kama mtu aliyeona picha za harusi. Nimeudhika, Imani.

Wenzangu niliwaita nikawaambia mwenyewe, kwa kuwa jambo kama hili halifichiki. Rosalia, kungwi mwenzangu tuliyefanya naye kazi miaka ishirini, alinyanyuka kwenye mkeka.

"Adija, umetuuza," akasema.

Wengine wakataka kwenda na majembe wakakivunjevunje. Nikawazuia, nikijua kitu cha jeshi kikivunjwa atakayekamatwa ni Haruna. Nikabeba kinu changu, nikakipindua juu ya kidude, na paneli nikaivika gunia la korosho. Juzi Damiani akampigia Haruna simu kuuliza kama mtambo umeharibika. Nikamwambia Haruna amjibu kwamba haujaharibika, umefunikwa.

Sasa mdogo wako. Mwanahawa amekua, na likizo ya mwezi ujao ndiyo ilikuwa zamu yake, yeye na wenzake wanne. Mama za wenzake wamegoma. Wanasema hawatatoa mabinti kwa kungwi ambaye nyimbo zake zinasikilizwa na wanaume mezani, na mimi siwalaumu. Nimewaahidi kwamba sitafungua mdomo kichakani mpaka jambo hili lisafishwe.

Basi nisikilize. Simama kwenye meza ile ile, mbele ya wale wale, uwaambie wafute sauti zote za kichakani, nakala baada ya nakala, huku wewe unaangalia. Karatasi nayo irekebishwe, iandikwe kwamba mahali pale pana wenyewe, na wenyewe ni wanawake wa Rutamba. Wakikuambia utafiti utaharibika, waambie ardhi ya kupima miguu ya nguruwe iko tele, waje waulize kwanza, tutawaonyesha nyingine. Kama unaogopa kupoteza kazi, niambie unaogopa. Woga nitauelewa. Kunyamaza sitakuelewa.

Ukimaliza hilo, njoo nyumbani. Unajua desturi ya ukoo wetu: mwali akiingia kichakani, dada yake aliyekwisha kuchezwa ndiye anayemshika mabega. Mwanahawa hana dada mwingine. Kila jioni ananiuliza kama unakuja, nami nimechoka kumjibu kwa niaba yako. Mjibu mwenyewe.

Baba yako anakusalimu sana. Haruna anakusalimu, anasema kijiji bado kinajivunia wewe, na mimi sikumbishia. Rosalia hajatuma salamu. Nakuandikia hili ulijue.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na akurudishe kwetu salama. Hasira yangu isikutishe. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine, nisingepoteza wino.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata leo,

Adija

Tena nilisahau: kinu kile ndicho pekee tulicho nacho. Tunakula unga wa dukani, na baba yako analalamika kila siku kwamba hauna ladha. Nimemwambia sitakiinua. Kinamsubiri binti yake mkubwa.