Ratiba Iliyoishia Kitale

Jumamosi ya pili ya Mei, 2006. Tuwan, Kitale.

Ukungu umekaa juu ya Tuwan mpaka saa nne asubuhi, na Mlima Elgon haujaonekana tangu Alhamisi. Naomba mvua isinyeshe leo. Sijawahi kuomba ombi kama hilo mwezi wa Mei, mahindi yakiwa magotini. Baba yangu, aliyekuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri kwa ajili ya mahindi tu, angenisikia angeniita mwendawazimu.

Shajara, nimekudanganya. Tangu Machi nakuandikia habari za likizo yetu ya Agosti. Siku nne za kuendesha gari mashambani kaskazini mwa Uingereza, kutembea kwa miguu vilimani, kulala katika nyumba za wageni za vijijini. Nimekueleza hata kwamba Wekesa, mume wangu, hatapata taabu barabarani kwa sababu Waingereza nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Walimu wenzangu wamenitania mpaka wakachoka, ati mwalimu wa jiografia anaenda kuona kwa macho yale anayoyachora kwa chaki.

Si likizo.

Tunaenda kumchukua Wafula.

Wafula alikuwa mdogo wake Wekesa. Alienda Uingereza kufanya kazi ya unesi, na siku zake za mapumziko akajifunza starehe ya wenyeji wa kule, kupanda vilima bila sababu yoyote. Novemba ya mwaka juzi alipanda kilima kimoja karibu na mji mdogo wa Kirkby Stephen. Jina la kilima hicho kwa Kiswahili ni kama Kilima cha Nguruwe Mwitu. Ukungu ukamfunika huko juu, na baridi ikammaliza.

Walimpata siku ya tatu, ameketi ameegemea ukuta wa mawe wa kuzuia kondoo. Buti zake alikuwa amezivua na kuzipanga kando yake, ncha zikitazama nje. Ndivyo alivyozipanga kwenye veranda yangu kila alipokuja Kitale, kwa sababu ya huu udongo wetu mwekundu. Daktari wa kule alieleza kwamba mtu anayekufa kwa baridi huweza kuhisi joto dakika za mwisho, akaanza kuvua. Hilo naliamini. Lakini kuzipanga?

Tulimzika Kanduyi, nyumbani kwa mama yake. Kwaya iliimba, watu wakala, tukarudi Kitale tukidhani yamekwisha. Kisha mvua zilipoanza, Mama mkwe akawa anasikia hodi. Mvua ya alasiri ikinyesha tu, mlango unabishwa mara tatu. Anafungua, hakuna mtu. Basi anavuta kiti na kuketi hapo mlangoni, mlango wazi, mvua ikimpiga miguuni mpaka ikatike. Mwaka jana alilazwa mara mbili kwa homa ya mapafu. Daktari alimwambia Wekesa waziwazi kwamba mara ya tatu huenda asiinuke.

"Mliniretea mwili," alituambia siku ya Krismasi, kwa ile lafudhi yake ya kubadilishana l na r. "Mwenyewe mliacha huko."

Katika ukoo wao, aliyefia mbali huitwa pale pale alipoangukia. Anaitwa kwa jina, kisha anapewa njia. Anaambiwa kila kona na kila mto unaovukwa, mpaka mlango wa mama yake. Mto usiotajwa, anabaki ng'ambo. Mchungaji wao hapendi kabisa kuyasikia haya, na sisi kwetu hatuna desturi hiyo. Ila nimemwona Mama akiketi mvuani na miaka yake sabini, nikaishiwa na hoja. Watu wa viza wanataka ratiba ya kila siku na Mama anataka ratiba ya kila mto. Nikaandika moja ya kuwatosha wote.

Nilipomwambia kwamba mto wa kwanza, ule ulio chini ya kilima, unaitwa Eden, aliweka kikombe chini.

"Edeni? Ile ya Biblia?"

"Ni jina tu, Mama."

"Si basi alikuwa bustanini," akasema. "Na bado anasikia baridi."

Kisha akatuambia nani atamwita. Nilidhani ni Wekesa, ndugu yake wa damu. Mama akakataa, akaninyooshea kidole mimi.

"Ni Wanjilu atamwita. Wekesa walikosania shamba na Wafula, hawakumaliza. Mwenye ana neno na marehemu akimwita, marehemu anamfuata yeye, hafiki nyumbani. Wewe hukuwa na neno na yeye."

Niliinua kikombe changu cha chai kikanifunika uso.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu yeyote. Majuma sita kabla ya kufa, Wafula alinitumia kwa posta nakala ya ramani ya kile kilima. Aliandika, "Shemeji mwalimu, nishushe hapa, mimi na hii mistari hatuelewani." Nilikuwa nasahihisha mitihani. Niliitazama kwa dakika mbili, labda tatu. Nikachukua ile kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikachora njia ya kushuka upande wa mashariki, nikamrudishia. Mistari ya kontua ya upande ule ilikuwa imesongamana, na mtoto wa kidato cha pili angejua kwamba hayo ni magenge. Nakala ilikuwa hafifu, nami nilikuwa na haraka.

Ramani hiyo walimkuta nayo mfukoni. Ilirudi ndani ya katoni moja na buti zake. Wekesa huamini kwamba mstari mwekundu aliuchora Wafula mwenyewe, na nimemwacha aamini hivyo mwaka mmoja na nusu. Ndiyo ramani ninayopangia safari.

Basi, Alhamisi. Nilifika nyumbani kutoka shuleni saa tisa na nusu, Wekesa hajarudi. Saa kumi mvua ikaanza. Mwalimu haingii darasani bila kulipitia somo, kwa hiyo niliketi mezani na ratiba yangu nikaisoma kwa sauti, nione kama inatamkika.

"Wafula, inuka twende. Vaa viatu. Tunashuka, ukuta uko mkono wa kushoto. Huu ni mto Eden, tunavuka. Hapa ni Kirkby Stephen, tunaingia kwenye gari. Huu ni Rawthey, tunavuka. Huu ni Lune, tunavuka." Nikaendelea hivyo, barabara kuu, uwanja wa ndege wa Manchester, Nairobi, Nakuru, Eldoret. "Kitale. Tuwan. Geti la bluu."

Ratiba yangu iliishia hapo. Tulipanga kufikia kwetu, tulale, ndipo twende Kanduyi kesho yake. Na njia ya kwenda Kanduyi nani anaihitaji kwa maandishi? Naijua kama jikoni kwangu. Kwa hiyo sikuiandika, na kwa hiyo sikuisoma.

Kwenye ngazi ya veranda tuna chuma cha kukwangulia matope. Nilimsikia mtu akikwangua. Mguu mmoja, halafu wa pili, polepole, kama mtu aliyetoka mbali.

Nikasema, "Karibu."

Nani asingesema? Mtu akifika kwako na mvua, unasema karibu hata kabla ya kujua ni nani. Nilifungua mlango. Uani hapakuwa na mtu, na geti lilikuwa na komeo. Buti za Wafula zilikuwa kwenye veranda, kwa sababu Wekesa huzivaa jioni kuzilainisha kwa ajili ya Agosti. Asubuhi nilikuwa nimezisukuma mimi mwenyewe kwa ufagio, ncha zikigusa ukuta. Sasa zilikuwa zimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje. Nilitia mkono ndani. Zilikuwa zimelowa mpaka soli, na sakafu ya veranda ilikuwa kavu.

Kwetu hapa, ukiona viatu mlangoni unajua mwenyewe yuko ndani.

Jana Ijumaa, saa saba mchana, Mama akapiga simu. Kwa kawaida hupiga na kukata ili nimpigie mimi. Jana aliongea salio likamwishia.

"Wanjilu! Jana mvua imenyesha mpaka jioni na hakuna mtu amebisha. Nimefunga mrango. Nimerara, mwanangu, nimerara mpaka jogoo!" Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Nilimwambia Mungu ni mwema.

Wekesa alipofika nikampa habari. Aliketi akajifuta macho na kiganja. "Si unaona?" akasema. "Pengine amechoka kuzunguka. Pengine hata hatuna haja ya kwenda tena." Kisha akaniuliza kama nimeacha dirisha wazi, mbona nyumba ina baridi hivi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nilikuwa nimeyakagua mara tatu.

Saa kumi mvua ikaja. Tulikuwa mezani, chai imemiminwa sasa hivi na tayari imepoa vikombeni. Mlango ukabishwa mara tatu.

Wekesa akainua kichwa akaitikia, "Karibu!" Akaenda kufungua mlango wa mbele, akatazama uani, akarudi akisema ni upepo. Mimi sikuwa nautazama mlango wa mbele. Nilikuwa nautazama mlango wa chumba cha wageni, kile alichokuwa akilala Wafula, kwa sababu hodi ilitokea huko. Ilibishwa kutoka ndani.

Niliogopa, shajara. Naogopa hata sasa, hapa saiba ninapokodi kompyuta kukuandikia, mchana kweupe, na aliye kando yangu anacheza karata kwenye kompyuta yake.

Lakini kuna jambo baya kuliko woga. Usiku kucha nilikuwa napiga hesabu moja ya aibu. Nikinyamaza, Mama analala mlango umefungwa. Mapafu yake yanapona. Safari inafutwa, na hakuna mtu atakayesimama na mimi chini ya kile kilima, ramani mkononi, aulize ni mjinga gani alichora hapa. Nitavaa sweta mbili nyumbani na nitazoea hodi. Watu huzoea mengi.

Nilijiambia kosa ni la ratiba. Nimeacha kuandika nusu ya mwisho, amesimama pale niliposimama. Hiyo ni kweli. Ila Mama alisema jambo la pili, na nililisikia vizuri sana nilipokuwa najificha nyuma ya kikombe. Nikimsomea njia mpaka Kanduyi nikiwa bado na neno naye, atanifuata tu kurudi. Na siku moja Mama atazoea kimya, kisha atajiuliza mwanawe yuko wapi. Nilishamshusha Wafula mahali pabaya mara moja. Hii ni mara ya pili.

Leo asubuhi Wekesa alipoenda kukagua palizi Kiminini, niliandika sehemu iliyobaki. Geti la bluu. Kiminini, tunavuka mto. Kamukuywa, tunavuka mto. Misikhu. Webuye, tunapinda kulia. Kanduyi. Mlango wa Mama. Mistari saba tu. Kisha nikasimama mbele ya chumba cha wageni na nikakosa ujasiri wa kufungua, nikasemea mlangoni.

Nilimwambia, "Wafula, ule mstari mwekundu niliuchora mimi. Sikuangalia vizuri. Nisamehe, shemeji. Kesho nitamwambia Mama, na kaka yako atasikia, na wewe utakuwepo. Halafu ubaki kwenu. Vaa viatu."

Sikusikia kitu. Nililia kidogo, nikafunga nyumba nikatoka.

Buti zilikuwa bado kwenye veranda, pale pale. Wekesa huziacha kamba zikining'inia ili zikauke, na saa mbili asubuhi niliziona zikining'inia. Nilipotoka zilikuwa zimekazwa mpaka juu na kufungwa mafundo mawili mawili, kama mtu anayejua safari ni ndefu.

Mama anaweza kunifukuza kesho. Anaweza kuufunga ule mlango mimi nikiwa nje, na atakuwa na haki. Wekesa sijui atanitazama vipi tukiwa njiani kurudi. Nimemtumia ujumbe kwamba tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kanisa, na kwamba kwenye gari nitakaa kiti cha nyuma.

Amejibu sasa hivi: "Kwani mbele atakaa nani?"