Ulichokionja Kabla ya Wanao

Dada Felista,

Barua zetu za zamani zilianza kwa kuulizana hali, na sote wawili tulidanganya. Uliandika "huku tu wazima" hata mwaka ule kijiji kizima kilipokuwa kinakohoa. Safari hii sikuulizi. Nakuandikia kwa sababu kuna neno limesemwa juu yako kwa miaka, nami nimechoka kulisikia.

Unaukumbuka uyoga? Masika yakianza na kihenge kikiwa kitupu, mama alitutuma msituni juu ya kijiji, naye akaenda shambani. Njaa yangu haikuwa na adabu, kila nilichokiokota nilitaka kukitia mdomoni. Ulinipiga kofi mkononi, ukauchukua uyoga, na tulipofika jikoni ukauchoma kwenye makaa na kula kipande. Kisha ukakaa na kukunja mikono, nami nikilia kwa harufu. "Ngoja nionje mimi kwanza," ulisema. "Nikianguka, kimbia shambani kamwite mama." Hukuanguka hata siku moja. Ulinicheka, ukanipa fungu kubwa.

Halafu likaja soko huria. Sisemi lilikuwa baya lote. Sukari ilirudi madukani, na wewe ulishona gauni la kitenge, ukaingia nalo kanisani ukitembea polepole ili kila mtu alione. Magari ya wanunuzi yalipanda mpaka barabara inapoishia, yakabeba maharage hata kabla hayajakauka vizuri. Ushirika uliokuwa ukitutunzia akiba ya mahindi ukafa, ghala lake likawa la kuwekea kabichi zinazosubiri gari. Na bwana shamba, yule mzee mfupi aliyepanda mlima kwa miguu na mfuko wa mbegu begani, akapunguzwa kazi. Tulimwona msumbufu. Hakukupa mbegu akaondoka, alisimama shambani mpaka ya mwisho ifukiwe. Tulidhani hana imani nasi. Kumbe mzee wa watu alikuwa analinda matumbo yetu.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Shemeji alikuwa ameshuka Dar es Salaam kuuza mitumba, akanyamaza moja kwa moja. Mimi nilikuwa Mbeya chuoni, nasomea kilimo. Ulikwenda gulio la Mlali kutafuta mbegu za masika, ukamkuta mfanyabiashara amefungua mfuko mkubwa, anapima mbegu kwa bakuli. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye mfuko. Kwenye bakuli hakukuwa na neno.

Zilikuwa nyekundu kwa dawa. Rangi ile hutiwa makusudi, mtu ajue kwamba si chakula. Lakini sisi tulilelewa kwa mahindi yaliyopakwa dawa ya kuua dumuzi ghalani. Mama aliyaosha mpaka maji yakawa meupe, akapika, tukala, tukakua. Nawe ulifanya hivyohivyo. Mvua ilikuwa imechelewa, watoto walikuwa wamekwenda shule na maji ya moto tumboni, na ndani ya nyumba hapakuwa na kitu kingine isipokuwa mbegu zile.

Jirani yako Mama Kosmasi alikuona mtoni ukiosha. Mchana akakuona mlangoni, unakula peke yako. Watoto waliporudi walikukuta chini, povu linakutoka mdomoni, sufuria tupu kando yako. Chakula kilichobaki kilikutwa kimemwagwa chooni. Daktari alisema ni sumu ya mbegu, na kwamba hata uoshe vipi haitoki.

Nilifika umeshazikwa. Matangani ndipo nilipolisikia neno lenyewe, na Mama Kosmasi wala hakunong'ona.

"Alikula kabla ya wanawe," alisema. "Na kilichobaki, bora akimwage chooni kuliko kuwapa."

Unajua mwenyewe hilo ni tusi la namna gani kwetu. Mama hula ukoko, wenzake wameshanawa mikono. Wanawake wengine walitikisa vichwa kukubali. Anjela wako alikuwa amekaa palepale mkekani, anasikiliza.

Niliwachukua yeye na mdogo wake, maana kwetu watoto ni wa ukoo wa mama na mjomba hakwepi. Tunaishi Morogoro mjini. Nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, ndiyo, hukohuko zinakotiwa rangi. Anjela anasoma vizuri na ana mdomo kama wako. Ila jina lako halitaji. Nikilitaja mimi, anatoka nje.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano mkubwa mjini kuhusu uhakika wa chakula na lishe. Wageni walikuwepo, na maji ya chupa, na karanga kwenye visahani. Nilisimama nikaomba mbegu zifungwe kwenye pakiti ndogo zenye picha, si maandishi tu. Nikaomba bwana shamba arudishwe mlimani, na kila kijiji kiwe na akiba ya mahindi ya mwezi wa tatu, kwa sababu mtu mwenye njaa huwezi kumkabidhi mbegu tupu ukategemea zitafika ardhini. Nikasema utafiti wetu haukukosea, dawa ile iliua wadudu kama tulivyotaka, lakini hakuna aliyeitafiti nyumba ambamo mbegu zingelala. Kisha nikasimulia habari zako bila kutaja jina.

Mkubwa mmoja aliandika, akainua kichwa, akasema kwa upole kwamba tukio moja halitoshi kubadili sera. Soko, alisema, litajirekebisha lenyewe. Nilikaa. Nina hasira naye mpaka sasa, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi.

Nilirudi nyumbani sina hamu ya kitu. Anjela alikuwa anasonga ugali. Nikavuta kigoda, nikamsimulia uyoga wetu, na kofi, na vile ulivyokaa umekunja mikono huku mimi nalia. Mara hii hakutoka, labda kwa sababu ya ugali. Nikamuuliza, mtu mchoyo akishiba, kilichobaki hukificha wapi?

"Kabatini," alisema. "Au uvunguni."

Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Kwa hiyo mjomba, kile chakula kilikuwa chetu?"

Nikamwambia ndiyo, kilikuwa chenu chote. Mama yenu alikuwa anaonja. Alipoanza kuumwa, nguvu zilizobaki alizitumia kukipeleka mahali ambapo hamngeweza kukiokota. Anjela alilia kwa sauti mpaka mdogo wake akaja kuuliza kuna nini. Ugali uliungua, tukaula hivyohivyo.

Jumapili tunapanda mlima kuja huko. Anjela amesema anataka kwenda kwa Mama Kosmasi. Atamwamkia shikamoo kwanza, kwa adabu zote, ndipo amwambie. Nimemwahidi nitasimama nyuma yake na sitamsaidia hata neno moja.

Nasikia mvua bado haijanyesha mlimani. Nilipita gulio la Mlali juzi, na mbegu bado zinapimwa kwa bakuli. Kuna mama alikuwa amezikinga kwa khanga. Nilimfuata mpaka njia panda, nikamweleza yote, akanisikiliza vizuri sana, halafu akaniuliza sasa leo watoto wale nini.

Nilimpa nilichokuwa nacho. Nilikuwa na nauli tu.

Pumzika, dada. Kuonja basi.

Mdogo wako,
uliyemwambia angoje