Mzee wa Gunia la Pamba

Musoma, Jumatano

Nafasi imekwisha kabisa. Tangu ije sheria mpya ya wizi, hakimu haruhusiwi kupunguza kifungo, na sisi askari magereza tunapokea tu. Leo ameletwa mzee kutoka Bunda aliyeiba gunia moja la pamba. Anakohoa sana.

"Mwanangu, nitalala wapi?" akaniuliza mlangoni. Nikamfungulia mlango wa seli.

Ndani akainuka Magesa, mwizi wa ng'ombe ambaye hata mimi namwogopa. "Jamani, laleni ubavu," akawaambia wenzake. "Baba, njoo hapa katikati, kuna joto." Akamfunika kwa blanketi lake.

Nikafunga mlango polepole. Nilitaka kumwambia Magesa asante, lakini si desturi askari kumshukuru mfungwa.

Kesho nitamwambia.